Kaskazini mwa Kenya ni kaunti tatu, tano, saba, nane au kumi?

Ukiambiwa kuna lori la vitabu limetengewa shule za kaskazini mwa Kenya, utamwambia dereva ashike njia gani? Akishika ya Garissa, Lodwar haitaona kitabu. Akishika ya Lodwar, Mandera itasubiri mwaka ujao. Swali huonekana dogo mpaka siku unapolazimika kuandika majina ya kaunti kwenye karatasi: bajeti, ramani, tangazo la kazi, utafiti wa chuo. Hapo ndipo unagundua kwamba neno “kaskazini”, ambalo kila Mkenya hulitaja kana kwamba linajulikana, halina mpaka uliochorwa popote.

Katiba ya 2010 inazitaja kaunti 47 katika Jedwali la Kwanza, na haisemi lolote kuhusu eneo liitwalo Kaskazini. Mikoa minane ya zamani haina nafasi katika ugatuzi, ingawa serikali kuu bado ina makamishna wanaosimamia maeneo yale yale yaliyokuwa ya wakuu wa mikoa. Kwa hiyo kila ofisi imejitengenezea kaskazini yake.

Nimelijibu swali hili kazini mara nyingi, na kila mara kuna kaunti inayobaki nje. Niliwahi kupokea ramani ya mradi mmoja wa maji iliyoandikwa juu “Kaskazini mwa Kenya”, na Samburu imepakwa rangi ya kijivu kama ardhi isiyo na watu. Aliyeichora hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechukua orodha ya mtu mwingine, iliyotengenezwa kwa kazi nyingine, akaibandika. Lakini mama wa Wamba, huko Samburu, anayeamka usiku kutafuta maji hajui orodha ilitoka wapi. Anachokiona ni kwamba kisima hakikuchimbwa kwao.

Ndiyo maana naziweka hapa pamoja orodha tano ambazo nimezikuta zikitumika zaidi, na idadi ya watu kwa sensa ya 2019.

| Orodha | Kaunti | Watu (2019) |
|---|---|---|
| Tatu | Garissa, Wajir, Mandera | 2,490,073 |
| Tano | hizo tatu, pamoja na Marsabit na Isiolo | 3,217,860 |
| Saba | hizo tano, pamoja na Turkana na Samburu | 4,455,163 |
| Nane | hizo saba, pamoja na Tana River | 4,771,106 |
| Kumi | hizo nane, pamoja na Lamu na West Pokot | 5,536,267 |

Kila orodha naiita kwa idadi ya kaunti zake, kwa hiyo orodha ya tatu ni ile yenye kaunti tatu. Tazama safu ya mwisho kwanza. Kutoka orodha ya tatu hadi ya kumi, idadi ya watu inazidi mara mbili. Ripoti moja ikisema nusu ya watoto wa kaskazini wana jambo fulani, na nyingine ikisema ni theluthi, huenda zote mbili ni sahihi na hakuna kilichobadilika isipokuwa kaunti zilizohesabiwa. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya takwimu za namna hiyo mkutano mzima, bila yeyote kuuliza: kaskazini yako ni ipi?

Dira haikusaidii

Wengi huanza na ramani: chora mstari, kilicho juu yake ni kaskazini. Jaribu na ikweta uone. Mji wa Garissa, ambao hakuna Mkenya atakayeutoa kaskazini, uko kusini ya ikweta kidogo. Eldoret na Bungoma ziko juu ya ikweta, tena juu zaidi kuliko Isiolo, na hakuna anayeziita kaskazini. Kitale na Maralal ziko karibu latitudo moja. Ya kwanza inajulikana kwa mahindi, ya pili kwa mifugo na vumbi. Na ukifika kwenye orodha ya kumi, mambo yanapinduka kabisa: Hola, makao makuu ya Tana River, na mji wa Lamu, yote miwili iko kusini kuliko Nairobi.

Hii inatuonyesha kwamba tunaposema “kaskazini” hatuzungumzii dira. Tunazungumzia namna eneo lilivyotawaliwa, mvua inavyonyesha, watu wanavyoishi, na umbali wa kufika ofisini. Orodha hutofautiana kwa sababu kila moja imeshika jambo moja kati ya hayo ikaacha mengine.

Tatu: mkoa wa zamani

Orodha ya Garissa, Wajir na Mandera ina sifa moja ambayo nyingine hazina: haibishaniwi. Ulikuwa mkoa kamili, Mkoa wa Kaskazini Mashariki, makao makuu Garissa, na takwimu za miongo mingi zimekusanywa kwa mipaka hiyo. Ukitaka kulinganisha uandikishaji wa shule wa 1989 na wa 2019, hii ndiyo orodha itakayokupa namba zinazolingana bila kazi ya ziada.

Kasoro yake iko kwenye jina. “Kaskazini Mashariki” na “kaskazini” yamechanganywa mpaka taarifa za habari huiweka Marsabit katika Kaskazini Mashariki, wakati haikuwahi kuwa humo baada ya uhuru. Marsabit na Isiolo zilikuwa katika Mkoa wa Mashariki, ule mkoa wa ajabu ulioanzia mpaka wa Ethiopia ukashuka mpaka Mtito Andei, makao makuu yakiwa Embu. Mtu wa Moyale alikuwa na Mkuu wa Mkoa mmoja na mtu wa Kibwezi. Hakuna anayeweza kuniambia hao wawili walikuwa na shida moja.

Hili nalisema kwa uzito: orodha ya tatu itumie pale unapomaanisha mkoa ule, na uandike “kaunti za uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki”. Ukiandika “kaskazini mwa Kenya” ukazihesabu tatu peke yake, umewaacha Waturkana, Warendille, Wagabra, Waborana na Wasamburu nje ya nyumba yao.

Tano: ile NFD

Wazee bado huitaja kwa herufi zake tatu, NFD, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya wakoloni. Ilikuwa na wilaya sita: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Leo ni kaunti tano kwa sababu Moyale iliingia ndani ya Marsabit, kwa hiyo anayesema sita na anayesema tano wanasema kitu kimoja. Ukipenda njia ya kukumbuka, hizi ndizo kaunti zenye nambari 7 hadi 11 katika mpangilio wa Katiba, zimefuatana bila pengo.

Kinachoziunganisha ni sheria. Sheria ya Wilaya za Mbali ya 1902 iliipa serikali uwezo wa kuzifunga wilaya, na ile ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikaongeza mamlaka ya kuwazuia na kuwaadhibu watu kwa makabila. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Mwaka 1962 tume ilitumwa kuwasikiliza wakazi, ikakuta wengi, hasa upande wa mashariki walikoishi Wasomali, wakitaka kujiunga na Somalia. Mwaka uliofuata ikaundwa kanda mpya ya Kaskazini Mashariki, na Isiolo, Marsabit na Moyale zikapelekwa Mashariki. Hapo ndipo orodha ya tano ilipokatwa ikabaki tatu, kwa kalamu.

Vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, vikaendelea hadi 1967, yalipofikiwa makubaliano Arusha chini ya upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa mpaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Wajir mwezi ule wa kwanza alitimiza miaka 27 kabla ya kuishi siku moja chini ya sheria zilizomlinda mwenzake wa Nyeri. Katikati ya kipindi hicho, Februari 1984, yalitokea mauaji ya Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir. Ukisikia mtu wa huko akikuuliza, ukiwa umetoka Nairobi, “Kenya hawajambo?”, usicheke. Ni swali lililotokana na historia hiyo.

Basi kama unaandika juu ya historia, fidia, kitambulisho cha taifa au uchunguzi waliowekewa wakazi kabla ya kukipata, orodha ya tano ndiyo uti wa mgongo. Lakini hata hapa ipo nyongeza moja ambayo wengi hawaijui. Kanuni za 1966 za wakati wa Shifta hazikuishia kwenye hizo tano. Zilitaja Mkoa wa Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya jirani za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Sheria ya Kinga ya 1970, iliyowakinga askari na maafisa wa serikali dhidi ya kushtakiwa kwa yaliyotendeka kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967, ilishika eneo hilo hilo. Kwa hiyo ipo orodha nyingine ya kaunti saba iliyoandikwa katika sheria za Kenya, nayo haina Turkana wala Samburu. Ina Tana River na Lamu. Anayetafiti Shifta achukue hiyo.

Saba: orodha ninayoichukua mimi

Nikiulizwa kwa jumla tu, bila kuambiwa ni kwa kazi gani, nasema saba: Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit, Isiolo, Turkana na Samburu. Hakuna sheria iliyoiandika hivi. Naitetea kwa ardhi yenyewe.

Anza na ziwa. Ziwa Turkana lina Kaunti ya Turkana upande wa magharibi na Marsabit upande wa mashariki. Orodha ya tano inalipasua katikati: mvuvi wa Loiyangalani ni mtu wa kaskazini, mvuvi wa Kalokol anayetupa wavu kwenye maji yale yale si wa kaskazini. Hata majina huwapoteza watu hapa. Ule mradi mkubwa wa umeme wa upepo wenye mitambo 365, unaoitwa kwa jina la Ziwa Turkana, uko Marsabit. Nimewasikia watu wakiuhesabu kama mali ya Kaunti ya Turkana kwa sababu ya jina tu.

Kisha barabara. Huwezi kutoka Isiolo kwenda Marsabit kwa lami bila kupita Samburu. Unavuka Ewaso Ng'iro unaingia Archer's Post, unapanda mpaka Sereolipi, ndipo unaelekea Laisamis. Orodha inayozihesabu Isiolo na Marsabit halafu ikairuka Samburu imekata barabara kuu ya kaskazini vipande viwili. Na watu nao hawakatiki hivyo. Wasamburu wako pande zote mbili za mpaka wa kaunti, na wamechanganyika na Warendille kwa ndoa na malisho tangu zamani, kiasi kwamba ziko jamii huko zinazozungumza lugha zote mbili na kujihesabu kwa pande zote mbili.

Turkana ina kisa chake. Haikuwa sehemu ya ile NFD niliyoitaja. Sehemu yake ilikuwa chini ya Uganda, katika Mkoa wa Rudolf, mpaka 1926 ilipohamishiwa Kenya. Baada ya uhuru ikawekwa Bonde la Ufa pamoja na Samburu, makao makuu Nakuru. Mtu anayeshika mipaka ya mikoa atakuambia basi, hizo ni za Bonde la Ufa, mjadala umekwisha. Mimi namjibu kwa kumuuliza wakoloni waliwapeleka wapi watu waliotaka wasahauliwe. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, akahamishiwa Lodwar 1959, kisha Maralal 1961. Miji miwili ya Turkana na mmoja wa Samburu. Serikali ya wakati huo ilijua vizuri kaskazini ni wapi: ni pale ambapo mtu hawezi kufikiwa.

Na serikali ya uhuru haikuiacha fikra hiyo. Waraka wa Serikali nambari 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoleta mazao mengi zaidi, yaani kwenye ardhi yenye rutuba na mvua, yenye reli na barabara. Waraka haukutaja makabila wala mikoa ya kuachwa. Haukuhitaji. Wajir na Turkana, moja ya mkoa huu na nyingine ya mkoa ule, ziliachwa na sentensi ile ile. Kwangu hicho ndicho kipimo kizuri cha kaskazini kuliko bendera iliyopepea kwa Mkuu wa Mkoa.

Kuna jambo la ukubwa pia. Marsabit na Turkana peke yake zina karibu kilomita za mraba 140,000. Ukijumlisha zote saba unapata zaidi ya nusu ya ardhi ya Kenya, huku watu wakiwa chini ya mmoja kati ya kumi. Namba hizo mbili zikikaa pamoja ndipo unaelewa kwa nini zahanati moja huhudumia eneo ambalo kwingine lina tarafa nzima, na kwa nini mgao wa fedha unaohesabu vichwa tu huwaumiza watu wa huko.

Udhaifu wa orodha yangu naujua. Samburu ina nyanda za juu za Leroghi zenye baridi na misitu, na Mlima Marsabit una msitu na ukungu wa asubuhi. Atakayeenda akitarajia mchanga tu atashangaa. Isiolo nayo hutiliwa shaka, eti ni mji wa Meru ulioko chini ya Mlima Kenya. Anayesema hivyo hajavuka mji. Kaunti ya Isiolo inaenda mbali mashariki, Garbatulla, Merti, Sericho, ikifuata maji ya Ewaso Ng'iro yanayopotelea kwenye bwawa la Lorian. Huko ni kwa Waborana wa Waso, na mlima hauonekani.

Nane: pale swali linapokuwa ukame

Swali likiwa mvua, malisho, njaa au fedha za kuwasaidia wafugaji, ongeza Tana River. Mpango wa HSNP, unaozipa kaya maskini pesa taslimu, ulianza na kaunti nne tu: Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kisha ukapanuliwa kwa Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River, ukawa na nane. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mizoga ya ng'ombe wa Tana River haikutofautiana na ya Wajir.

Tana River ndiyo kaunti inayonipa shida kuliko zote, na naona haya kuipitia haraka. Ilikuwa Mkoa wa Pwani. Ni mwanachama wa Jumuiya ya Kaunti za Pwani pamoja na Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Taita-Taveta. Ukisimama Kipini, mto unapoingia baharini, ukila samaki na wali wa nazi, mtu akikuambia uko kaskazini mwa Kenya utamwona amechanganyikiwa. Lakini panda na mto mpaka Madogo. Hapo unauona mji wa Garissa ng'ambo ya daraja. Mtu wa Madogo ananunua sukari Garissa, anatibiwa Garissa, anauza mbuzi Garissa, halafu akitaka huduma ya kaunti yake anasafiri mpaka Hola. Wapokomo wanalima kandokando ya mto, Waorma na Wawardei wanachunga mbali nao, na kaunti moja inabeba maisha mawili.

Ushauri wangu ni huu. Kama takwimu zako zinashuka mpaka ngazi ya eneo bunge, chukua Bura pamoja na Galole, uiache Garsen na delta yake kwa Pwani. Kama zinaishia kaunti, iweke Tana River ndani kwa mambo ya ukame na mifugo, itoe kwa mambo ya uvuvi, utalii na utamaduni wa pwani. Na uliandike hilo, usiliache msomaji alibahatishe.

Tahadhari moja hapa: ukame si kaskazini. Sera ya serikali huhesabu kaunti 29 kuwa kame au nusu kame, na NDMA, mamlaka ya kukabiliana na ukame, hufanya kazi katika 23. Humo mna Kwale, Kilifi, Kajiado, Narok, Makueni, Kitui, hata sehemu za Nyeri na Embu. Wizara iliyoundwa 2008 chini ya Mohamed Elmi ililijua hilo tangu jina lake: Maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya na Maeneo Mengine Kame. Lile neno “mengine” linabeba kazi kubwa. Anayechukua kaunti 23 za NDMA akaziita kaskazini ameifuta tofauti ambayo wizara yenyewe iliichora.

Kumi: baraza la magavana wa mpakani

Baraza la kaunti za mpakani, FCDC, lilianza na saba: Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Zisome tena uzilinganishe na ile Sheria ya Kinga ya 1970. Ni zile zile. Sijui mtu anayeweza kuitazama orodha hiyo mara mbili asisikie kitu: kaunti zilizokandamizwa pamoja zilikutana tena nusu karne baadaye kutafuta maendeleo pamoja. Turkana, Samburu na West Pokot zilijiunga baadaye, zikawa kumi.

Kama mradi wako utapitia ofisi za magavana, orodha hii haikwepeki, maana ndiyo yenye vikao na sahihi. Ila uanachama si sawa na kuwa sehemu ya eneo. Turkana, Samburu na West Pokot zimo pia katika umoja wa kaunti za North Rift pamoja na Uasin Gishu, Trans Nzoia, Nandi, Elgeyo-Marakwet na Baringo. Tana River na Lamu zimo katika Jumuiya ya Pwani. Gavana huingia panapomfaa, na hana kosa.

Lamu naiacha nje kwa kazi za kawaida. Ni mji wa Waswahili, urithi wa dunia tangu 2001, na uhusiano wake na kaskazini umekuja upya kupitia LAPSSET, ile njia iliyozinduliwa 2012 kutoka bandari ya Lamu kupitia Garissa na Isiolo kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini. Ukiandika juu ya LAPSSET, Lamu ni mwanzo wa habari na haiwezi kukosekana. West Pokot nayo ina milima ya Lelan yenye maziwa na viazi, na tambarare za Kacheliba na Alale zilizokauka kama Turkana. Kesi ya Kenyatta ilisikilizwa huko, Kapenguria, kwa sababu lilikuwa eneo la kuingia kwa kibali. Kwa historia ya vibali iingize. Kwa jumla, naiona ni ya North Rift.

Zinazoingia mguu mmoja

Laikipia, Baringo, Meru na Kitui hujitokeza mara kwa mara. Sitakawia nazo. Kaskazini ya Laikipia, upande wa Mukogodo, inaishi kama Isiolo. Nyahururu haiishi hivyo. Tiaty iko Baringo lakini ukiiweka kando ya Turkana Kusini huoni tofauti. Kaunti zenyewe zote nne naziacha nje, na maeneo hayo nayataja kwa majina yanapohusika.

Serikali yenyewe ilijifunza hili kwa Hazina ya Usawazishaji, ile asilimia 0.5 ya mapato iliyowekwa na Kifungu cha 204 cha Katiba kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Sera ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato ilichagua kaunti 14, zikiwemo saba zangu zote, pamoja na Tana River, Lamu, West Pokot, Narok, Kwale, Kilifi na Taita-Taveta. Sera ya pili ikaacha kuhesabu kaunti nzima ikashuka chini, ikataja maeneo 1,424 ndani ya kaunti 34. Kijiji maskini katika kaunti tajiri kikaonekana. Kama una takwimu za kata, fuata mfano huo, uache kugombania majina ya kaunti.

Unapoandika orodha yako

Taja kaunti zote kwa majina pale neno “kaskazini” linapotokea mara ya kwanza, hata kama ni kumi. Inachukua mstari mmoja. Usichukue asilimia kutoka ripoti ya orodha ya tatu ukaiweka kando ya asilimia ya orodha ya nane. Na ukibadilisha orodha katikati ya kazi kwa sababu takwimu za kaunti fulani hazikupatikana, iandike hiyo sababu, kwa maana mwenye kaunti atakuja kuuliza.

Mwisho kabisa, tazama kingo. Ndani ya orodha ya saba, mabishano ya mipaka hayakuharibii hesabu: Modogashe iwe ya Garissa au ya Isiolo, bado iko ndani. Hatari iko pembeni, pale mstari wako unapopita katikati ya watu. Madogo na Garissa zimetenganishwa na daraja. Kapedo inagombaniwa na Turkana na Baringo. Mji wa Isiolo umebanana na Meru mpaka hujui duka lipi ni la kaunti gani. Katika sehemu hizo tatu, kusanya habari za pande zote mbili za mstari kabla ya kuamua lori litashusha wapi.